Mbwa anajua kuruka, lakini uwanjani hatuelewani: jibu kwa msomaji wa Tabata

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tabata na mdogo wangu wa kiume. Tuna mbwa anaitwa Jeki, ana miaka miwili na miezi kadhaa. Mama yake ni wa kienyeji na baba yake ni Jemani Shepadi. Tulivutiwa na mchezo wa ajiliti, ambao mbwa hupita vizuizi mfululizo akiongozwa na mtu, tukatengeneza viunzi kwa mabomba ya plastiki na kununua handaki la kitambaa wanalochezea watoto. Kizuizi kimoja kimoja anakifanya vizuri sana. Tukivipanga vitatu au vinne mfululizo anapita pembeni, au anazunguka mbele yangu huku akibweka, na mara nyingine ananikamata mkono wa shati. Ninapaza sauti na kumwonyesha kwa kidole, lakini wapi. Mdogo wangu, ambaye naye humfundisha, anasema mbwa ana kiburi. Tufanye nini ili tuelewane?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na kauli ya mdogo wako, kwa sababu tusipoiondoa hiyo kwanza mengine yote yatakwama. Jeki hana kiburi. Mbwa aliyechoshwa na kazi huondoka, hunusa majani au hujilaza kivulini. Mbwa anayezunguka mbele ya mwongozaji wake huku akibweka na kumshika mkono wa shati bado anaitaka kazi, na anauliza aelekee wapi. Umesema mwenyewe kwamba kizuizi kimoja kimoja anakifanya vizuri sana. Maana yake ni kwamba kuruka anakujua na handaki analijua. Anachokosa ni taarifa ya kizuizi kinachofuata, na taarifa hiyo, ambayo ni wewe pekee unayeweza kuitoa, kwa sasa inamfikia ikiwa imechelewa.

Tupige hesabu kidogo. Katika mashindano yanayofuata kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kizuizi na kizuizi kwa kawaida huachana kwa mita 5 hadi 7. Mbwa mwepesi akiwa njiani hukimbia mita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kwa hiyo, tangu anapotua nyuma ya kiunzi cha kwanza hadi anapojiinua mbele ya cha pili, ana sekunde moja hivi tu, na katika ua wa nyumba ambako mmevipanga karibu zaidi ana pungufu ya hapo. Ukisubiri atue ndipo uite jina lake, kisha unyooshe kidole, nusu ya muda huo imekwisha kabla hujafunga kinywa, na nusu iliyobaki haimtoshi kupunguza mwendo, kugeuka na kukilenga kiunzi kilicho upande wa kushoto. Anapita pembeni. Watu husema mbwa amekataa, ilhali taarifa ilitolewa akiwa amekwishapita mahali ambapo ingemsaidia. Abiria wa daladala husema "shusha" kabla gari halijafika kituoni, na wewe pia taarifa ya kiunzi cha pili unatakiwa kuitoa kabla Jeki hajaruka cha kwanza.

Jambo hili utalielewa vizuri zaidi ukilitazama kwa macho yako. Mwombe mdogo wako achuchumae ubavuni mwa kiunzi, hatua chache kutoka hapo, achukue video kwa simu, kisha muitazame taratibu. Mbwa anayejua kwamba baada ya kuruka ataendelea moja kwa moja huruka kwa mbali, mwili umenyooka, na hutua mbali vilevile. Mbwa anayejua kwamba atageuka hufanya mambo tofauti kabisa: hatua yake ya mwisho huwa fupi, kichwa hushuka kidogo, uzito hurudi kwenye miguu ya nyuma, hujiinua karibu na fito na kutua akiwa tayari ameanza kupinda kuelekea upande unaotakiwa. Uamuzi wa kuruka kwa namna hii au ile hufanyika chini, kabla miguu haijaacha ardhi. Akishakuwa hewani hawezi kubadilisha chochote, hata ukipiga kelele kiasi gani. Nina hakika kwamba kwenye video yenu mtamwona Jeki akiruka mruko mrefu ulionyooka mbele ya kona kali, na mkiangalia upande wa pili wa picha mtakuona wewe bado unakimbia kwa kasi ileile, kifua kikiwa kimeelekea mbele. Alikutazama, akakuamini, akaruka alivyoelekezwa.

Hapo tunafika kwenye kiini cha jibu langu. Mbwa husoma mwili kabla ya kusikiliza maneno, na katika kusoma huko kuna mpangilio. Kwanza husoma mwendo: unaongeza kasi, unapunguza, au umesimama. Kisha husoma uelekeo wa miguu na kifua. Mkono hufuata baadaye, na sauti ndiyo ya mwisho. Mwongozaji anapoongeza kasi, mbwa hurefusha hatua. Anapopunguza, mbwa hukusanya mwili na kujiandaa kugeuka. Sasa jitazame wewe kwenye video hiyo. Kidole kinaonyesha kiunzi cha kushoto, sauti inasema ruka, lakini nyayo na mabega vimeelekea kwenye handaki lililo mbele. Umempa amri mbili zinazopingana, naye hufuata ile iliyo na nguvu zaidi kwake, yaani ya nyayo na mabega. Asipoweza kuamua, hapo ndipo anapokuja mbele yako kubweka.

Historia ya mchezo inaeleza kwa nini mwili umepewa uzito wote huo. Ajiliti ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, ikiwa burudani ya kujaza muda kati ya matukio makubwa, na walioibuni waliiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Lakini mpanda farasi ana hatamu mkononi na miguu miwili ubavuni mwa mnyama. Katika ajiliti mwongozaji haruhusiwi kumgusa mbwa wala kubeba chakula au kitu cha kuchezea akiwa ndani ya uwanja wa mashindano, na mbwa hukimbia bila kamba. Kilichobaki ni namna unavyotembea, unavyogeuka na unavyosimama, pamoja na sauti yako. Ndiyo maana waongozaji wazuri hujizoeza wao wenyewe kwa bidii ileile wanayomzoezea mbwa.

Kutoka kwa farasi tumerithi pia desturi ya kukagua njia. Kabla ya mbio waongozaji huruhusiwa kwa dakika chache kuingia uwanjani bila mbwa, na utawaona watu wazima wakikimbia na mbwa asiyeonekana, wakinyoosha mikono na kugeuka kwenye kona. Nakusihi uanze na hilo wiki hii, Jeki akiwa amefungiwa ndani. Pangeni viunzi vitatu katika umbo la pembe, cha tatu kikiwa upande wa kushoto wa cha pili. Tembea njia yako, kisha ikimbie, na kila unapopita kiunzi jiulize: mbwa yuko wapi sasa, na mimi nimekwishamwambia nini? Baadaye mdogo wako awe mbwa. Akimbie anakoelekezwa na mwili wako tu, asisaidie kwa sababu anaijua njia, na akipotea asimame mahali alipopotea akueleze aliona nini. Zoezi hili litakufundisha katika jioni moja mambo ambayo Jeki amekuwa akijaribu kukueleza kwa kubweka.

Ukishaweza kukimbia njia bila kujikwaa, jifunze namna za kubadilisha upande. Ziko nyingi, lakini tatu zinakutosha kwa mwaka mzima. Ya kwanza ni kuvuka mbele: unakuwa mbele ya njia ya mbwa, unageuka ukiwa umemwelekea, mkono uliokuwa ukimwongoza unashuka na wa pili unachukua nafasi yake, na mnaendelea yeye akiwa upande wako mwingine. Ya pili ni kuvuka nyuma, ambapo mbwa hukutangulia kuelekea kwenye kiunzi nawe unapita nyuma yake kwenda upande wa pili. Ya tatu ni kuvuka kwa mgongo, inayofanana na ya kwanza isipokuwa unampa mbwa mgongo na kumdaka kwa jicho juu ya bega la pili. Hii ya mwisho ni ya haraka lakini inahitaji mbwa anayekuamini, kwa hiyo iache kwanza.

Wekeni nguvu kwenye kuvuka mbele, kwa kuwa ndiko kunakomweleza mbwa mambo kwa uwazi zaidi. Shusheni fito za viunzi vyote ziwe chini kabisa, kwa maana hapa hatufundishi kuruka. Mwache Jeki akiwa ameketi nyuma ya kiunzi cha kwanza, wewe simama kati ya cha pili na cha tatu, kisha mwite. Mtazame macho na kichwa. Atakapokitazama kiunzi cha pili na kushusha kichwa kidogo, amekwishaamua kukipita, na kuanzia hapo hakuhitaji tena kwa ajili ya kiunzi hicho. Huo ndio wakati wa kuanza kugeuka. Geuka kwa hatua ndogondogo, miguu ikizunguka karibu na ardhi, na umalize kugeuka, nyayo zikiwa zimeelekea kiunzi cha tatu, kabla hajajiinua. Wengi huanza wakati mzuri lakini husimama katikati wakimtazama mbwa usoni, vifua vikiwa vimemkabili. Kwa mbwa, kifua kinachomkabili kinamaanisha njoo kwangu, naye huja, na hapo anaukamata mkono wa shati. Ukimaliza kugeuka na kuondoka, tatizo la shati nalo litapungua, kwa sababu litakuwepo jambo jingine la kufanya.

Kuvuka nyuma kunahitaji mbwa anayekubali kutangulia bila kugeuka kukutafuta, kwa hiyo usikuanze kabla Jeki hajazoea kupewa zawadi mbele yake, mbali na mwili wako. Nasema hivyo kwa sababu ninaamini, ingawa hukuandika, kwamba zawadi zake zote hutoka mfukoni mwako na huliwa miguuni pako. Mbwa hurudi mahali chakula kinapopatikana. Kama kila mara baada ya kuruka anarudi kwako kula, umemfundisha kwamba baada ya kuruka kazi ni kukutafuta, na vizuizi vitatu mfululizo vinapingana na somo hilo. Badilisha mahali pa zawadi. Weka kibakuli kilichofunikwa mbele ya kiunzi cha mwisho, kwenye mstari anaotakiwa kuufuata, au urushe kitambaa kilichosokotwa kiangukie mbele yake akiwa bado anakimbia. Akifanya vizuri, sema neno lenu la kumjulisha kwamba amepatia, neno fupi lisilobadilika, papo hapo anapofanya, kisha zawadi ifuate.

Umuhimu wa papo hapo hauhitaji mfano wa kutoka mbali. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kutambua harufu ya mabomu ya ardhini na ya kifua kikuu, na msingi wa mafunzo yao ni mlio mfupi unaotolewa mara tu panya anapofanya linalotakiwa, kisha chakula. Mlio humwambia mnyama ni tendo lipi hasa limelipwa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na alifundishwa kwa njia hiyo hiyo ya mlio na chakula, bila kipigo. Sifa ikichelewa hata kwa sekunde mbili, Jeki atakuwa amekwishatua, amegeuka na ameanza kubweka, na sifa hiyo itaangukia kubweka.

Kuhusu chakula chenyewe, maini ya ng'ombe au firigisi zilizochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vya ukubwa wa harage zinatosha sana. Kiasi hicho kipunguzwe kwenye mlo wake wa siku.

Akikosea je? Kwanza rejea mwili wako ulikuwa umeelekea wapi. Ikiwa ulikuwa umeelekea alikokwenda, mpe zawadi, hata kama alipita kizuizi usichokitaka, maana amefanya ulichomwambia. Najua jambo hili huwa gumu kwa watu wengi, lakini mbwa anayeadhibiwa kwa kutii mwili wa mwongozaji huacha kuutazama, naye akishaacha kuutazama hakuna mbinu itakayokusaidia. Ikiwa una uhakika ulielekeza sawasawa naye akakosa, endelea taratibu bila kusema neno, mrudishe mwanzo, rahisisha. Akikosa mara mbili mfululizo mahali pamoja, usijaribu ya tatu kwa namna ileile: sogeza viunzi karibu, punguza kona, au ondoa kimoja. Na usipaze sauti. Kelele humwongezea mbwa msisimko, na msisimko uliozidi ndio huo unaogeuka kuwa kubweka na kukamata nguo.

Sasa nimgeukie mdogo wako, ambaye sina shaka anampenda Jeki kama unavyompenda. Mbwa anaweza kabisa kuongozwa na watu wawili, mradi watu hao wamekubaliana. Kaeni pamoja muandike kwenye karatasi kila neno mnalotumia, na kila neno liwe na kazi moja. Angalieni pia jinsi maneno yanavyosikika: ruka na rudi huanza kwa sauti moja, na kwa mbwa anayekimbia kwa kasi mwanzo wa neno ndio unaomfikia vizuri. Ningewashauri mbaki na ruka, na kumwita mtumie njoo. Handaki mliite pita au bomba, lolote mtakalopenda, ila nyote wawili mliseme hivyo hivyo. Zawadi itoke mahali pamoja kwa wote, na makosa yachukuliwe kwa namna moja. Haiwezekani wewe unyamaze naye agombe. Katika kipindi kimoja aongoze mtu mmoja, mwingine ashike simu, ainue fito zilizoanguka, na awe jicho la mwenzake. Kazi ya jicho ina heshima yake, kwa kuwa mwongozaji anayekimbia hawezi kujiona, na anayetazama kwa utulivu ndiye anayeweza kusema: uligeuka akiwa amekwisharuka. Aseme hivyo, aseme wakati gani, basi. Hukumu nyingine hazisaidii.

Hali ya hewa yetu nayo inataka uangalifu. Mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, maji yakivukizwa kutoka mdomoni na kwenye njia ya pumzi, na hewa ya Dar es Salaam yenye unyevu mwingi hupunguza sana uvukizaji huo, hasa kati ya Desemba na Machi. Fanyeni mazoezi saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likiwa limezama, kwa vipindi vya dakika mbili au tatu vyenye mapumziko marefu zaidi ya kazi, na maji yawepo wakati wote. Mkiona ulimi umetanuka na kuning'inia sana, ufizi umekuwa mwekundu sana, anatapika au anayumba, acheni mara moja, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya baridi mwilini mkimpepea, na mwende kwa daktari wa mifugo hata kama ameonekana kupata nafuu. Chagueni pia ardhi. Zege na lami haviruhusiwi kabisa kwa kuruka, na mchanga mkavu wa ufukweni unaozama huchosha misuli na kano haraka kuliko unavyodhani. Nyasi fupi ndizo bora, na mkipata uwanja wa wazi wa mtaa, nendeni kabla vijana hawajaanza chandimu, mbwa akiwa kwenye kamba hadi mhakikishe pako patupu, kwani si kila jirani anapenda mbwa amsogelee, na haki hiyo anayo.

Viunzi vyenu vya mabomba ya plastiki vinafaa, ila fito iwekwe juu ya vishikio bila kufungwa, ili mbwa akiigusa ianguke. Fito iliyokazwa kwa gundi au kamba inaweza kuvunja miguu. Jeki amevuka miezi 18, umri ambao FCI imeuweka kuwa wa chini kabisa wa kushindana, lakini kwa mafunzo ya uongozaji hamhitaji kupandisha fito zaidi ya sentimita 20 au 30. Handaki la watoto ni jepesi na hubingirika mbwa akiingia kwa kasi. Likazieni kwa mifuko ya mchanga pande zote mbili, au mliondoe hadi mtakapopata la uzito unaofaa.

Hukuniuliza juu ya fito 12 za kupita kwa zigizaga, wala ubao wa kupanda unaoshuka upande wa pili, lakini najua hamu itakuja. Mwisubirishe. Vizuizi hivyo hufundishwa peke yake kwa miezi, tena ubao ule huumiza mbwa akiurukia vibaya, na kuviingiza sasa kutaficha kasoro za uongozaji ambazo viunzi vitatu vinazionyesha waziwazi. Bakini na viunzi hivyo vitatu hadi Jeki aweze kuvipita kwa kona ya kushoto na ya kulia, wewe ukiongoza na mdogo wako akiongoza, nyote mkiwa mmefunga midomo kabisa. Siku atakapovipita hivyo kwa vipindi kadhaa mfululizo bila kubweka, rudisheni maneno, kisha ongezeni kiunzi cha nne.